Kimo cha Ardith Luebke

Kitabu kilikuwa mkononi mwangu mimi, Nola Pfeifer, si mkononi mwa mtu mwingine. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Tolliver wana huruma ya kupita kiasi. Wakisimulia habari za mwaka ule wanaliruka jina langu, wanasema eti "watu wa makumbusho walikosea." Watu gani? Alikuwepo Ardith ukutani, na nilikuwepo mimi na kitabu, kila Jumamosi ya mwisho ya Machi, kwa miaka thelathini na sita.

Ardith Luebke alizaliwa hapa Mtaa wa Maji, nyumba ya tatu kutoka kiwanda cha vifungo, na hajawahi kuishi mahali ambapo hausikii mto Mississippi ukipita. Baba yake alikuwa mlinzi wa kiwanda hicho. Enzi hizo Tolliver ilikuwa ikifunga mashati ya nusu ya nchi hii, au ndivyo tunavyowaambia wageni. Wanaume walizoa kome mtoni kwa kulabu, wakawachemsha, nyama wakawapa nguruwe, na magamba yakapelekwa kiwandani kutobolewa vifungo. Hata leo ukichimba shimo la kupanda nyanya unatoa magamba yenye matundu ya duara, na ukilalamika majirani wanakushangaa.

Aliingia kiwandani akiwa na miaka kumi na sita, akakaa kwenye meza ya kuchagua: vyeupe huku, vya manjano kule, vyenye ufa chini. Kiwanda kilipofungwa na jengo lake kugeuzwa makumbusho ninayoyatunza, akaenda kupika shuleni, akapika miaka ishirini na tisa. Kwa hiyo hakuna mtu mzima katika mji huu ambaye hajawahi kugombezwa naye kwa kuacha karoti kwenye sahani. Ndiyo maana hata mkuu wa zimamoto, Wendell Stroh, mwanamume wa miaka hamsini na tisa mwenye sharubu, anamwita Mama Ardith na anavua kofia akiongea naye.

Kilichomtesa usichanani kilikuwa kimo. Futi tano na inchi kumi na moja, msichana! Wavulana walimwita Mnara wa Kanisa. Kwenye dansi za Jumamosi alikaa ukutani na mkoba wake mapajani hadi taa zinazimwa, halafu akarudi nyumbani akitembea na mabega yameinama ili asionekane. Aliniambia mwenyewe kwamba alikuwa akiomba Mungu amkate miguu kidogo tu, inchi nne hivi. Alilisema hilo huku akicheka, nami nikacheka, miaka mingi kabla ya haya ninayosimulia.

Ikaja gharika ya mwaka wa sitini na tano. Yeye alikuwa na miaka kumi na tisa. Maji yalikaa Mtaa wa Maji siku kumi na moja, na yalipoondoka yaliacha utepe wa tope kwenye ukuta wa kiwanda, umenyooka mwisho hadi mwisho. Mpiga picha wa gazeti akataka kuonyesha yalifika wapi, na baba yake Ardith akamwita binti yake asimame mgongo ukutani. Utepe ulimgusa utosini. Mzee akachukua orodha ya vifungo ya kiwanda, kile kitabu kikubwa chenye jalada gumu, akakilaza juu ya kichwa cha binti yake, akapiga mstari mweusi kwa brashi.

"Mto umefika hapa kwa binti yangu," akamwambia mpiga picha, "na haukumzidi hata nywele."

Picha ile ikatoka gazetini, ikawa kadi ya posta, na mpaka leo tunaiuza pale kaunta. Tangu siku hiyo neno Mnara halikusikika tena. Gene Luebke, baharia wa matishari ya mizigo ya mtoni, aliiona picha hiyo katika mji mwingine huko chini ya mto, akapanda hadi Tolliver kumtazama msichana aliyelingana na mto. Alikuwa mfupi kuliko Ardith kwa kichwa kizima. Wakaoana, wakakaa miaka thelathini na moja hadi Gene alipofariki, na Ardith hakuinamisha mabega tena.

Sasa ukuta ule umepigwa lipu, na kila masika magari ya barabara ya mtoni yanaurushia matope. Kwa hiyo kila Machi, kabla boti za watalii hazijaanza kupanda, tunaukwangua kwa brashi za waya hadi uwe mtupu na kuupaka chokaa upya. Mistari yote inapotea. Mtu wa mji mwingine angesema, si mpime kwa futi ya chuma mwandike namba mahali? Sisi hatukufanya hivyo, kwa sababu tulikuwa na Ardith. Alisimama ukutani, nikaweka kile kitabu utosini pake, nikapiga mstari, tukaandika 1965. Mistari mingine yote, ya gharika za baadaye, tuliipima kwa viganja kutoka ule: wa tisini na tatu viganja viwili chini, wa elfu mbili na moja kimoja na nusu. Watu walikuja na viti vyao, kahawa na pai za tufaha. Ilikuwa sherehe yetu kubwa kuliko zote, na wageni walitoka hadi Chicago kuja kumwona bibi anayesimama badala ya mto.

Mwaka mmoja serikali ilimleta kijana wa kupima ardhi na kifaa chake cha miguu mitatu. Akachungulia nusu siku, halafu akaja kwetu kwa adabu, akasema mstari wetu uko chini kuliko inavyopaswa.

"Kifaa chako kimeinama, mwanangu," Ardith alimwambia.

"Kimepimwa wiki iliyopita, mama."

"Na mimi nimepimwa na Mississippi."

Tulicheka hadi machozi. Tukamkatia kipande cha pai akaenda zake. Nimemkumbuka kijana yule mara nyingi, na kila nikimkumbuka uso unaniwaka.

Mwaka ule ninaousimulia, theluji ya kaskazini iliyeyuka yote kwa mpigo. Mto ulianza kupanda wiki tatu baada ya sisi kupaka ukuta. Wendell alipiga simu ofisi ya mto, akauliza swali moja tu, lile ambalo kila mkuu wa zimamoto wa Tolliver huuliza: juu ya sitini na tano, au chini? Mwanamke wa ofisi akamjibu: sawasawa na sitini na tano, Alhamisi saa sita mchana. Akaanza kumsomea namba. Wendell akamshukuru akakata.

Akachukua bomba refu la plastiki lililojaa maji, ncha moja akaishika kwenye mstari wa Ardith, nyingine akaipeleka kwenye tuta la mto upande wa pili wa barabara, na maji yakamwonyesha usawa. Akafunga kamba nyekundu kutoka mstarini hadi tutani. Magunia ya mchanga yakapangwa juu ya tuta hadi kwenye kamba, kisha yakaongezwa vidole vinne vya akiba. Nyumba arobaini na moja ziko nyuma ya tuta lile, pamoja na makumbusho yetu, na nyumba ya Ardith, na yangu. Kufikia Jumatano asubuhi kazi ilikuwa imekwisha, watu wanakunywa kahawa kwenye ngazi za kanisa, wanapongezana.

Jumatano hiyo Ardith alikuwa na miadi ya daktari. Alirudi saa tano, akaingia makumbusho akaubamiza mlango.

"Nola, nimetukanwa."

"Na nani tena?"

"Nesi mpya, yule wa kucha za buluu. Ananipima, ananiambia futi tano na inchi sita na nusu. Mimi!"

"Labda ulikunja magoti."

"Nikunje magoti nina nini? Alinipima mara mbili! Nikamwambia, we mtoto, mji mzima unapimwa kwa kichwa hiki."

"Shoga, basi umeisha," nikamtania. "Umelika kama sabuni ya kufulia. Mwakani tutakutafuta chini ya kaunta."

Akacheka, maana Ardith hakujua kununa muda mrefu. Nami nilicheka, nikawa nafuta kioo cha kabati huku nikitazama nje dirishani. Niliiona ile kamba nyekundu. Inaanzia kwenye mstari niliouchora mimi, inakwenda hadi juu ya magunia. Nikaacha kufuta.

"Ardith," nikasema, "mwezi uliopita kitabu niliweka wapi?"

"Kichwani kwangu. Ungeweka wapi?"

Akafuata macho yangu hadi kwenye kamba. Nilimwona akielewa. Rangi ilimtoka usoni taratibu kuanzia midomo, akashika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili.

"Usianze, Nola," akasema.

"Inchi nne na nusu."

"Yule nesi ni mtoto, hajui kupima. Tafadhali usimwambie mtu. Nakuomba."

Katika miaka yote tuliyofahamiana hakuwahi kuniomba kitu kwa sauti ile. Na nitasema kweli, nilitaka kumkubalia. Nilijua anachoomba. Hakuwa anaomba inchi, alikuwa anaomba asirudishwe kule ukutani na mkoba mapajani. Nikasimama pale na kitambaa changu mkononi nisijue la kufanya, na mto ukiendelea kupanda nyuma ya magunia.

Yeye ndiye aliyenyoosha mkono akachukua kadi moja ya posta kwenye kile kishikizo cha waya. Akaivalia miwani. Tumeuza maelfu ya kadi zile. Sidhani kama kuna mmoja wetu aliyewahi kuitazama chini ya magoti.

"Na viatu," akasema.

"Viatu gani?"

"Angalia. Nimevaa mabuti ya baba. Soli hizi ni inchi moja na nusu." Akatazama raba zake za kitambaa, bapa kabisa, zile alizovaa kila Machi. "Inchi sita, Nola. Ameweka akiba ngapi yule?"

"Vidole vinne."

"Hizo hazifiki hata inchi tatu."

Akaitia kadi mfukoni, akatoka bila koti. Nilimkimbilia. Nakumbuka nilivuka barabara bado nimeshika kitambaa.

Wendell alikuwa kwenye ngazi za kanisa na watu kama thelathini. Ardith akasimama mbele yao wote.

"Wendell, nimefupika."

Watu wakacheka. "Sote tumefupika, Mama Ardith," Wendell akasema. "Nola alikuwa anaonekana juu ya kaunta."

"Nimefupika inchi nne na nusu, na mwaka ule nilivaa mabuti. Mstari uko chini. Magunia yako yatazidiwa."

"Mama, mstari ule nimeukuta tangu nazaliwa."

"Umenikuta mimi. Mstari unachorwa kila mwaka." Sauti ilimpanda. "Hukumbuki hata jambo dogo hilo? Nimekulisha miaka sita yote bure?"

Hakuna aliyecheka tena, ila hakuna aliyeamini pia. Niliwaona wakitazamana kwa ile huruma yao: maskini, uzee umemfika. Hapo nikapandwa na hasira, nikapaza sauti kuwaambia kwamba kitabu nilikiweka mimi, na kama ni wehu basi tumewehuka wawili.

"Kabati," Ardith akasema ghafla. "Kabati la sampuli, lile kubwa la makumbusho. Baba alilisukuma ukutani vuli ile ya sitini na tano na halijasogezwa tangu siku hiyo. Ukuta wa nyuma yake haujapakwa kitu."

Wanaume sita walilivuta. Lina urefu wa futi kumi na moja na droo mia mbili za vifungo, na nusu ya droo zilichomoka, vifungo vikamwagika sakafuni vikatawanyika hadi mlangoni. Nyuma yake ukuta ulikuwa wa kijivu, una utando wa buibui, na katikati ya ukijivu ule ulipita utepe wa tope kavu la kahawia, umenyooka, na juu ya utepe ukuta ni safi. Ule ndio mto wenyewe. Hakuna mtu aliyeugusa kwa miaka hamsini na minane.

Wendell akalipitisha bomba la maji dirishani, ncha moja kwenye utepe, nyingine kwenye mstari wangu wa nje. Akatoka na futi yake ya chuma. Aliporudi alikuwa mweupe kama chokaa.

"Inchi sita," akasema, akaketi palepale chini juu ya vifungo. Mtu mzima, na sharubu zake. "Mungu wangu. Nyumba arobaini na moja. Nilikuwa nimewaambia wakalale."

Niliogopa siku ile kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na sikuogopa maji. Niliogopa kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa anajua. Tulimwona Ardith akiomba kiti ili afikie rafu aliyokuwa akiifikia kwa mkono. Tulimpunguzia pindo za sketi. Mbili nilizishona mimi mwenyewe. Tulijua, na kila Machi tulimpigia makofi.

Kengele ya kanisa ikapigwa. Watu wakatoka majumbani na masepetu. Mchanga uliisha saa kumi, na lori lililokwenda kuleta mwingine lilikwama barabarani kwenye maji. Basi wakaanza kuchimba bustani zao na vichochoro vyao, wakajaza magunia magamba ya kome yenye matundu, na upande wa mto tukafunika kwa turubai. Tulifanya kazi hadi giza, tukaanza tena kulipopambazuka. Ardith alishika midomo ya magunia yakijazwa, miaka sabini na saba, hakukubali kukalishwa.

Alhamisi saa sita mchana jua lilikuwa kali na hakukuwa na upepo. Nilikuwa juu ya ngazi za makumbusho, kwa hiyo niliyaona maji ng'ambo ya magunia, mapana, ya kahawia, gogo zima la mti likipita juu yake. Nikashusha macho. Ardith alikuwa amesimama chini ya tuta upande wetu, mgongo umeegemea turubai, kama anavyosimama ukutani. Na mto ulikuwa juu ya kichwa chake. Nilikuwa nikijua hesabu, nilikuwa nimezirudia usiku kucha, lakini kuona kwa macho ni kitu kingine. Nikampigia kelele.

"Ardith, toka hapo!"

Hakugeuka kuyatazama maji. "Yamefika wapi?"

"Yamekuzidi."

"Kiasi gani?"

Nikainua mkono kumwonyesha, vidole vimetanuka, gumba hadi kidole kidogo. Akautazama mkono wangu, kisha akaitikia kwa kichwa, akaja akaketi karibu nami. Mto ulisimama hapo siku mbili, umelala kwenye safu ya mwisho ya magunia ya magamba, halafu ukashuka. Hakuna nyumba hata moja iliyoingia maji.

Machi iliyofuata Wendell alimleta yule yule kijana wa kifaa cha miguu mitatu, siku hizi ana mvi kidogo, na fundi akapigilia kibao cha chuma ukutani kwenye usawa wa kweli. Mstari wetu wa mwaka uliopita hatukuukwangua. Wendell aliamuru uachwe na upakwe rangi nyekundu, tusije tukasahau. Ardith hakuwa na kazi tena. Hata hivyo, Jumamosi ya mwisho watu walikuja na viti vyao na pai zao kwa mazoea, wakakaa wakitazama miguu yao, hakuna anayejua pa kuangalia.

Saa nne akaja. Amevaa sketi ya kanisani na zile raba. Alipita katikati ya watu akaenda kusimama mgongo ukutani, chini ya kibao.

"Nola, weka kitabu."

"Mstari upo tayari, shoga. Wa chuma."

"Huo wa mto. Nataka wangu."

Nikaenda na kitabu. Nikakilaza juu ya nywele zake, nikapiga mstari mweusi. Kitabu nilipokiondoa nikaona, na walio viti vya mbele wakaona pia, kwa sababu kahawa ya mtu ilimwagika. Ule mwekundu wa mwaka uliopita ulikuwa juu ya huu mpya.

"Niko palepale?" akauliza. Alikuwa bado anawatazama watu, hajageuka.

Jibu tamu lilikuwa mdomoni mwangu, na mtaa mzima ulikuwa unanisihi kwa macho nilitoe. Nilikuwa nimelitoa miaka thelathini na sita.

"Hapana, Ardith. Umeshuka."

"Kiasi gani?"

"Upana wa kidole gumba."

Akarudisha visigino ukutani. Kisha akanyoosha mabega, kama kwenye ile kadi ya posta.

"Basi andika," akasema, "na tarehe yake."